Bunduki Ipi Yafaa Mbele ya Dubu?

Mwaka 2018 askari wa akiba wa Kanada waitwao Canadian Rangers, walinzi wa maeneo ya kaskazini ya nchi hiyo yenye barafu nyingi na watu wachache, walianza kugawiwa kwa wingi bunduki mpya iitwayo C-19. Bunduki waliyoiaga ni Lee-Enfield Namba 4 ya risasi .303, waliyokuwa nayo tangu kikosi chao kilipoundwa mwaka 1947. Wazee wetu waliotumikia King's African Rifles waliifahamu vema jamii hiyo ya bunduki, na polisi wengi wa zamani wa Afrika Mashariki waliifanyia gwaride miaka nenda miaka rudi.

Lakini jambo linalostahili kuangaliwa na askari wa leo ni kwamba C-19 nayo ni bunduki ya bolti. Kila risasi huingizwa kwa mkono, na sanduku lake hubeba risasi kumi tu. Haikosi kushangaza, kwa kuwa kiwanda kilichoitengeneza, kilichopo Kitchener katika jimbo la Ontario, ndicho pia hutengeneza bunduki za kujifyatua mfululizo za jeshi la Kanada. Je, ni ubahili? La hasha. Askari hao hutembea siku nyingi mbali na kambi, na adui wanayetazamia kukutana naye si mtu. Ni dubu.

Bara letu halina mnyama huyo. Waliokuwa wakiishi kaskazini, katika milima ya Atlas, walitoweka katika karne ya 19. Msomaji na amfikirie nyati aliyejeruhiwa, kisha amwongezee makucha na meno. Dubu mweupe dume huwa na uzito wa kilo 350 hadi 600, na wako wanaozidi hapo. Dubu wa kahawia wa Alaska aweza kukimbia kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kwa sekunde moja. Binadamu akipigwa risasi huenda akaanguka kwa maumivu au kwa hofu tu, hata kama jeraha si la kumuua. Dubu aliyekwisha kuanza kuja haanguki kwa hofu. Ni lazima kichwa cha risasi kipenye manyoya, mafuta, misuli minene na mfupa wa bega mpaka kifikie moyo, au kivunje uti wa mgongo au ubongo.

Mwaka 1983 Idara ya Misitu ya Marekani ilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa ajili ya usalama wa watumishi wake wa Alaska. Bunduki na bastola za aina mbalimbali zilipigwa kutoka umbali wa yadi 15, na wapimaji wakaangalia risasi ilivyopenya, ilivyotanuka, na uzito uliosalia. Umbali huo haukuwa wa kubahatisha. Yadi 15 ni karibu mita 14: ni ile sekunde moja tuliyoitaja. Zilizoongoza ni silaha kubwa kama .458 na .375, ambazo maaskari wa wanyamapori wa Afrika Mashariki wanazijua kwa kazi ya tembo na nyati, nayo.30-06, ikiwa na kichwa kizito cha gramu 14, ilisimama karibu na hizo.

Tulinganishe sasa na silaha ya begani mwetu. Risasi ya milimita 5.56 ina kichwa cha gramu 4 hivi, na ile ya AK ina gramu 8. Zaidi ya hayo, risasi ya jeshi imevikwa gamba gumu mwili mzima, kwa sababu tamko la The Hague la mwaka 1899 lilipiga marufuku vitani risasi zinazotanuka mwilini. (Dubu hahusiki na tamko hilo, na wawindaji hutumia zenye ncha laini.) Hivyo askari mwenye risasi thelathini nyepesi asijione ni tajiri. Katika sekunde moja ataweza kulenga mara moja, na akibahatika mara mbili.

Hata hivyo ukubwa pekee si dawa. Bunduki ya .458 humpiga bega mpigaji mwenyewe kwa nguvu, na anayeogopa teke la silaha yake hufumba macho kabla ya kufyatua. Kwa maoni yangu, .30-06 au .308 mikononi mwa mtu aliyeizoea hushinda zima moto kubwa mikononi mwa mtu anayeionea haya.

Na bastola je? Kikosi cha Sirius cha jeshi la Denmark, kinacholinda kaskazini-mashariki ya Greenland kwa magari ya kuburutwa na mbwa, kwa miaka mingi kilibeba bunduki ya bolti ya M1917 ya .30-06, pamoja na bastola ya Glock ya milimita 10, kwa kuwa ile ya milimita 9 ilionekana hafifu kwa dubu mweupe. Bastola haidharauliki. Uchunguzi wa matukio 269 ya Alaska, uliotolewa mwaka 2012, ulionyesha kwamba waliotumia bastola walifaulu kwa asilimia 84, na waliotumia bunduki ndefu kwa asilimia 76. Sababu si ngumu kuiona: bastola iko kiunoni, wakati bunduki imefungwa juu ya mzigo. Walioshindwa, wengi wao hawakupata nafasi ya kufyatua; wengine silaha ilikwama, na wengine walisahau kufungua usalama. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2008, uliangalia kopo la kupuliza pilipili, nao ukaona kwamba lilimzuia dubu wa kahawia kwa asilimia 92. Askari aliyefunzwa kuamini chuma hapendi kusikia habari hiyo, lakini ndivyo ilivyo.

Baridi nayo ina amri zake. Katika shule ya makadeti tulifundishwa kuipaka silaha mafuta mpaka ing'ae. Kule mafuta ya kawaida huganda yakawa kama nta, na pini ya kufyatulia ikasogea polepole isiweze kuwasha risasi. Bunduki hufutwa ikawa kavu kabisa. Usiku haiingizwi katika hema lenye joto, kwani itatoa jasho, na asubuhi jasho hilo litakuwa barafu ndani ya bolti. Hapo ndipo bolti inapoonyesha thamani yake: mkono wenye glavu nene huweza kuilazimisha, ilhali bunduki ya kujijaza hutegemea gesi na springi. C-19 ilitengenezwa ifanye kazi hata katika nyuzi 51 chini ya sifuri.

Ndugu zetu wa polisi watapendezwa na utaratibu wa visiwa vya Svalbard vya Norwei. Atokaye nje ya makazi hulazimika kuwa na kitu cha kumfukuzia dubu, kama bastola ya fataki, na hushauriwa kubeba bunduki isiyopungua .308. Lakini dubu mweupe analindwa huko tangu mwaka 1973. Kwanza mtu huondoka mahali hapo akiweza, kisha hupiga fataki, na bunduki ni ya mwisho. Akimuua, gavana, ambaye ndiye pia mkuu wa polisi, hufungua uchunguzi: mzoga hupimwa, maganda ya risasi huokotwa, nyayo katika theluji hupimwa umbali wake, na mpigaji huulizwa kwa nini hakurudi nyuma.