Tairi Kubwa Peke Yake Haliongezi Mzigo

Mavuno yakikaribia, wakulima wengi wa skimu za makazi huuliza jambo moja: "Trela yangu inabeba magunia kumi na moja ya mahindi. Nikiitia matairi yenye nguvu zaidi, je, itabeba ishirini?" Jibu ni kwamba yawezekana, lakini si matairi peke yake yatakayofanya kazi hiyo. Mzigo wa trela hushikwa na tairi, rimu, bolti, beringi, ekseli, springi na chuma cha kukokotea. Trela hubeba kadiri ya kile kilicho dhaifu kuliko vyote, wala si zaidi.

Yafaa kulielewa jambo hili mapema, kabla ya siku ya kupakia. Tairi lililozidiwa na mzigo hujikunja mno ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huko huleta joto, na joto hulegeza mpira na nyuzi zilizo ndani yake, mpaka tairi linapasuka. Mara nyingi hupasuka trela ikiwa imejaa na barabara ikiwa na moto. Hapo magunia humwagika, trela yaweza kupinduka, na mtu anayepita kando aweza kuuawa. Mazao ya msimu mzima na karo ya watoto vyaweza kupotea kwa sababu ya hesabu ambayo ingefanywa kwa dakika kumi.

PIMA UZITO KWANZA

Usikisie uzito kwa macho. Gunia la mahindi la kawaida ni kilo 90. Gunia la viazi, kwa kanuni za mwaka 2019, lisizidi kilo 50. Maji ya pipa la lita 200 ni kilo 200, bila kuhesabu pipa lenyewe. Mchanga na kokoto ni vizito sana: trela iliyojaa mahindi bila shida yaweza kuvunjika ikijazwa mchanga hadi ukingoni.

Kisha ujue uzito wa trela yenyewe ikiwa tupu. Kama kuna mizani ya magari karibu nawe, kwa mfano kwenye ghala la nafaka au kiwanda cha sukari, omba upimiwe trela tupu mara moja, na uandike uzito huo kwa rangi ubavuni mwa trela. Hutahitaji kuuliza tena.

Tuchukue mfano. Trela ya ekseli moja, yenye magurudumu mawili, ina uzito wa kilo 600 ikiwa tupu. Mkulima anataka kupakia magunia 20 ya mahindi, yaani kilo 1,800. Jumla ni kilo 2,400, na kila gurudumu litabeba kilo 1,200. Ni kweli kwamba sehemu ndogo ya uzito huu hukaa kwenye trekta, lakini usiitoe katika hesabu. Iache iwe akiba yako.

SOMA MAANDISHI YALIYO UBAVUNI

Kila tairi la gari lina maandishi ubavuni. Baada ya namba za ukubwa wake utaona namba nyingine ya tarakimu mbili au tatu, ikifuatwa na herufi. Namba hiyo ndiyo inayoonyesha uzito ambao tairi moja laweza kubeba. Hizi ni baadhi yake:

Namba 91: kilo 615.
Namba 100: kilo 800.
Namba 108: kilo 1,000.
Namba 112: kilo 1,120.
Namba 121: kilo 1,450.

Ukiona namba mbili zilizotengwa kwa mkwaju, kama 121/120, ya kwanza ni ya gurudumu linalokaa peke yake, na ya pili ni ya magurudumu mawili yaliyofungwa pamoja upande mmoja.

Sasa turudi kwenye mfano wetu. Kama trela ile ina matairi ya namba 100, yote mawili hubeba kilo 1,600. Toa kilo 600 za trela, zinabaki kilo 1,000, yaani magunia 11. Ukitia matairi ya namba 112, utapata magunia 18. Ukitia ya namba 121, hesabu inafika magunia 25. Lakini usipakie mpaka mwisho wa hesabu, kwa maana barabara zetu zina mashimo, na gurudumu likitumbukia shimoni hupata uzito kupita ule wa mizani. Acha akiba ya sehemu moja katika tano. Kwa matairi ya namba 121, magunia 19 yatakutosha.

Tazama pia umri wa tairi. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya trela hukaa juani muda mrefu bila kazi, na mpira huzeeka hata kama meno yake bado ni marefu. Tairi lenye nyufa ubavuni usilinunue, hata kwa bei ndogo.

RIMU NA NATI

Rimu nayo ina kiasi chake cha uzito na kiasi chake cha upepo. Matairi mengi ya plai 10 huhitaji upepo wa ratili 80 kwa kila inchi ya mraba ili kubeba mzigo wake wote. Rimu ya gari dogo haikutengenezwa kwa nguvu hiyo, na yaweza kupasuka. Basi ukibadilisha tairi, uliza kama rimu yako inalifaa. Kama haifai, nunua rimu na tairi pamoja.

Rimu mpya lazima iwe na matundu sawa na bolti za habu, kwa idadi na kwa nafasi, nayo ikae bapa juu ya habu bila kulazimishwa. Usiruhusu fundi kupanua matundu kwa tochi ya gesi. Wala usichague rimu inayotokeza nje kuliko ile ya zamani, kwa maana itaelemea beringi na ekseli. Kaza nati kwa kuvuka, moja ya juu kisha ya upande wa pili, na uzikaze tena baada ya safari ya kwanza.

Weka matairi ya aina moja na ukubwa mmoja pande zote mbili za ekseli, na tairi la akiba liwe sawa nayo. Kama tairi jipya ni pana au refu zaidi, hakikisha kuna nafasi ya vidole vinne kati yake na madigadi trela ikiwa imejaa. Kumbuka pia kwamba tairi refu huinua trela, na trela iliyoinuka hupinduka upesi zaidi kwenye mteremko wa pembeni.

EKSELI HAIBADILIKI KWA TAIRI JIPYA

Hapa ndipo wengi hukosea. Trela nyingi za skimu zimetengenezwa na mafundi wa jua kali kwa ekseli kuukuu ya gari. Kama ekseli ilitoka kwa gari lililobeba tani moja nyuma, matairi ya tani tatu hayataifanya ibebe tatu. Ulizia ilitoka gari gani. Itazame kama imepinda au kama imewahi kulehemiwa katikati. Inua gurudumu kwa jeki, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi zimelegea au zimekwisha. Zitie grisi na kuzirekebisha kabla ya mavuno. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ukiona ekseli haitoshi, una njia mbili. Ya kwanza ni kumpa fundi mwenye ujuzi aweke ekseli nzito pamoja na springi zake, na kuimarisha chuma cha kukokotea. Ya pili ni kwenda safari mbili badala ya moja. Fanya hesabu ya mafuta na ya kazi ya fundi, kisha uchague. Kwa mkulima wa ekari chache, mara nyingi safari ya pili ndiyo iliyo rahisi.

UPEPO NA BREKI

Tairi zuri lisilo na upepo wa kutosha si zuri tena. Pima kwa geji asubuhi, tairi likiwa baridi, na utie kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji kwa mzigo wako. Tairi likiwa na moto geji husoma zaidi. Usitoe upepo wakati huo.

Mwisho, kumbuka kwamba mzigo ulioongezeka ni lazima usimamishwe. Trela nzito isiyo na breki husukuma trekta mteremkoni, na yaweza kuigeuza na kuiangusha. Unganisha pedali mbili za breki za trekta kabla ya kuingia barabarani. Tia gia ya chini kabla mteremko haujaanza, na usiteremke gia ikiwa huru. Panga magunia ili uzito uzidi kidogo mbele ya ekseli, trela isije ikainua nyuma ya trekta. Na usimruhusu mtu yeyote kupanda juu ya magunia, hata kama ni mtoto wako na njia ni fupi.

Mkulima akifuata mambo haya, ataongeza mzigo kwa kiasi ambacho trela yake yote inaweza kushika. Fanya hesabu yako juma hili, uiandike ubavuni mwa trela: uzito wake ikiwa tupu, na idadi ya magunia isiyopaswa kuzidishwa. Yeyote utakayemwazima trela ataisoma, naye atairudisha ikiwa nzima.