Barua za Bingwa wa Zamani

Ni lini mara ya mwisho ulipokaa ukaandika barua kwa mkono, ukaitia katika bahasha na kungoja majibu? Wengi wetu tutasema ni siku nyingi. Simu imetuzoesha maneno mafupi. Lakini sisi akina mama watano wa kikundi cha huduma kwa wazee, hapa Mji Mkongwe, tumekuwa tukiandika barua kwa miaka kadhaa sasa. Tunaowaandikia si jamaa zetu wala si waumini wenzetu. Ni wazee waliokuwa mabondia, mabingwa wa enzi ambazo sisi hatujazaliwa.

Wapo wanaotucheka. "Akina mama wa kanisani na ngumi, wapi na wapi?" Tunawaelewa. Hata sisi hatukuanza kwa kupenda ngumi. Tunawasimulia habari hii kwa sababu katika barua hizo tulijifunza jambo ambalo kila mama mwenye mzee nyumbani anapaswa kulijua, nasi tulijifunza kwa kuchelewa.

Tulivyoanza

Wawili kati yetu ni wauguzi. Siku moja kliniki alikuja bibi mmoja mwenye ugonjwa wa kisukari, kutoka kijiji cha kusini Unguja, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa daladala. Tulipomuuliza hali ya nyumbani alisema, "Mume wangu hasemi na mtu. Masikio yamekufa, simu haina faida kwake. Lakini kusoma anasoma. Husoma hata karatasi iliyofungiwa vitumbua."

Tukamuuliza mzee alikuwa akifanya kazi gani. Bibi akatazama mlangoni kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Alikuwa akipigana ngumi."

Wasomaji wa bara huenda wakashangaa kwa nini ashushe sauti. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume, aliupiga marufuku mchezo wa ngumi visiwani. Katazo hilo lilidumu zaidi ya nusu karne, hadi serikali ya awamu ya nane ilipoufungulia tena, na mwaka 2023 watu wa Unguja wakaona ngumi zikipigwa hadharani. Katika miaka yote ya katikati, kijana wa kisiwani aliyependa mchezo huo ilimbidi avuke maji. Mzee huyu alivuka. Alibeba mizigo bandarini Dar es Salaam mchana, na jioni alifanya mazoezi. Akawa bingwa. Alipozeeka akarudi kijijini kwao, kwa watu ambao hawakumwona hata siku moja akiwa ulingoni, na ambao kwao ngumi lilikuwa jambo lililokatazwa. Akanyamaza.

Tulimwandikia ukurasa mmoja. "Kwa Mzee wetu, shikamoo. Ama baada ya salamu, sisi ni wanao wa hapa mjini. Tumesikia ulikuwa bingwa. Tungependa kujua pambano lako la kwanza lilikuwaje." Bahasha tulimpa kondakta wa daladala la kijijini kwao. Baada ya siku kumi na mbili kondakta huyo huyo alituletea jibu la kurasa nne. Jina la mzee hatulitaji, wala la kijiji chake, kwa kuwa alituandikia sisi na si watu wote.

Mambo aliyotuandikia

Tulidhani atatueleza aliwaangusha wangapi. Badala yake alituandikia habari za njaa ya kupunguza uzito, na mama yake aliyekuwa akimpelekea maji ya moto na chumvi akandwe mikono. Aliwasifu wengine kuliko nafsi yake. Alieleza walivyoikusanyikia redio mwaka 1970 kusikia kwamba Titus Simba amepata medali ya fedha ya uzito wa kati katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Alimtaja Philip Waruinge wa Nakuru, aliyepata medali ya shaba katika Olimpiki ya Mexico 1968 pamoja na kombe la bondia mwenye ufundi kuliko wote, kisha medali ya fedha Munich 1972. "Yule," aliandika, "alipiga kama mtu anayeandika kwa hati nzuri."

Alituelekeza kwa wenzake wawili, mmoja Tanga na mmoja Mombasa, nao tukaanza kuwaandikia kwa posta. Tukagundua kwamba wazee hawa hawakuhitaji kusifiwa. Walihitaji mtu wa kuwauliza. Wake zao wamezisikia hadithi hizo mpaka zimewachosha, watoto wana kazi zao, wajukuu wana simu zao. Barua humpa mzee nafasi ya kukumbuka polepole, akasahau, akarudi, akafuta, na asione mtu akitazama saa.

Kosa letu

Sasa tuseme lililo gumu. Barua za mwanzo za mzee wetu ziliandikwa kwa herufi kubwa, za mtu aliyesoma zamani kwa bidii, maneno sita au saba katika mstari. Baada ya mwaka mmoja mstari ulibeba maneno kumi na mawili. Tulicheka kwa upendo. Tukasema mzee anabana karatasi. Tukanunua daftari mbili kubwa na kalamu, tukampelekea, na tukaandika, "Mzee wetu, usibane, karatasi zipo."

Barua iliyofuata ilikuwa ndogo zaidi. Kisha kwa miezi mitatu hatukupata kitu.

Ndipo bibi alipokuja mjini peke yake, ameshika bahasha. Ndani ilikuwamo barua ambayo mzee alishindwa kuimaliza. Mstari wa kwanza ulisomeka. Wa mwisho ulikuwa kama nyayo za sisimizi. Bibi hakutaka tuisome. Alitaka kusema lake.

Alisema mzee siku hizi anatembea akiburuza miguu, na akigeuka huyumba. Ulimi umekuwa mzito. Uso hauchangamki, hata mjukuu akimchezea. Vijana wa barazani wameanza kusema kwamba mzee anakunywa pombe, kwamba pensheni yake ndiyo anayoilewea. Mtu asiyekosa sala! "Nami," alisema bibi, "nilitia shaka. Usiku mmoja amelala, niliinama nikamnusa kinywa. Miaka hamsini ya ndoa, wanangu, nikamnusa mume wangu kama namviziia mwizi." Akalia sana.

Sisi wauguzi wawili tulizitoa barua zote tukazipanga mezani kwa tarehe. Hapo hata mtoto angeona. Herufi zilikuwa zimesinyaa barua baada ya barua, kama mtu anayekwenda mbali. Mwandiko unaopungua hivyo ni mojawapo ya dalili za ugonjwa wa Parkinson, tena wakati mwingine huonekana mapema. Tulifundishwa hayo chuoni. Ushahidi ulikuwa mikononi mwetu muda wote huo, nasi tukampelekea daftari.

Kwa daktari

Wengi tunaujua ugonjwa huu kwa sababu ya Muhammad Ali. Februari 1980 alifika Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter wa Marekani kuziomba nchi za Afrika zisiende Olimpiki ya Moscow. Tanzania ilikwenda, na wakimbiaji wake Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Mzee wetu alikuwa miongoni mwa watu waliomwona Ali kwa mbali. Mwaka 1984 Ali aliambiwa kwamba ana Parkinson, na mwaka 1996 dunia nzima iliuona mkono wake ukitetemeka alipowasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta. Alifariki mwaka 2016.

Je, ngumi huleta ugonjwa huu? Tangu mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika kwamba baadhi ya mabondia huishia kuyumba, kusema kwa uzito na kupungukiwa na akili kwa sababu ya mapigo ya kichwa. Leo inajulikana kwamba kupigwa kichwani mara nyingi huongeza hatari ya maradhi ya ubongo uzeeni. Lakini si kila bondia huugua, na wako wengi wenye Parkinson ambao hawakurusha ngumi hata moja. Kwa mgonjwa mmoja, ni vigumu kuthibitisha chanzo.

Tulimleta mzee hospitali. Daktari alimtazama anavyotembea, akamkunja na kumkunjua mikono, kisha akauliza kwa sauti kubwa, "Mzee, uliwahi kuumia kichwa? Uliwahi kupigwa?" Mzee akatikisa kichwa kukataa. Hatukujua kama hakusikia au alificha, kama alivyozoea kuficha. Bibi akainamisha uso. Sisi tulikuwa na barua zake mkobani, zenye kila pambano na kila raundi. Tungeweza kuzitoa. Lakini zilikuwa zake.

Mmoja wetu akachukua karatasi akaandika kwa herufi kubwa: "Mzee wetu, daktari anauliza kama ulipigwa kichwani. Jibu ni lako." Akaisoma. Akamtazama mkewe. Akaomba kalamu, na chini ya maneno yetu akaandika, kwa herufi ndogo mno, "Mara nyingi."

Daktari alimwanzishia dawa ya levodopa. Dawa hii haiponyi ugonjwa, lakini humrudishia mgonjwa sehemu ya nguvu zake kwa muda, na haifai kuikatisha ghafla bila daktari. Baada ya wiki kadhaa hatua zake zilirefuka. Bibi alirudi barazani kwa wale vijana akawaeleza ugonjwa wenyewe kwa jina. Mmoja wao sasa ndiye anayemshika mkono mzee kwenda msikitini.

Wewe nawe tazama

Dada mpendwa, kama una baba, mkwe au mume aliyezeeka, angalia mambo haya: mkono unaotetemeka ukiwa umetulia; mwandiko au sahihi inayozidi kuwa ndogo; hatua fupi za kuburuza; mkono mmoja usiopunga anapotembea; sauti inayofifia; uso usioonyesha furaha wala hasira; kutonusa chakula kinapoungua. Dalili moja peke yake si ugonjwa. Zikiwa mbili au tatu, mpeleke hospitali, usingoje aanguke. Na kabla hujasema amelewa, amerogwa au ana kiburi, mpeleke kwanza.

Mwambie daktari historia yote: ajali, kuanguka kutoka mnazini, mchezo wa ngumi. Na kama una kijana wa kiume anayetamani ulingo, usimfukuze nyumbani. Kaa naye. Mwambie kwamba Robert Wangila wa Kenya alipata dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, na mwaka 1994 akafariki baada ya pambano Las Vegas. Akishapigwa akaumia kichwa au akazimia, asirudi mazoezini mpaka daktari amruhusu.

Na waandikie wazee. Haihitaji fedha nyingi. Andika kwa herufi kubwa, kwa wino mweusi, ukurasa mmoja tu. Uliza swali moja, si kumi. Usiulize "unakumbuka?" kwa maana asiyekumbuka ataona aibu, uliza "ilikuwaje?" Tia ndani bahasha nyingine yenye anwani yako na stempu, ili kujibu kusiwe mzigo. Akirudia hadithi, ipokee kama mpya. Na zitunze barua zake kwa tarehe. Sisi tumeona faida yake.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, hakuona haya kujifananisha na mpiganaji wa ngumi. Nasi hatuoni haya tena tunapoulizwa kwa nini tunawaandikia mabondia.

Mwezi uliofuata bibi alitujia na ombi. Yeye hakusoma shule. Mumewe hasikii. Lipo neno alilotaka kumwambia, na hakutaka kulipigia kelele jirani wakasikia. Alitutajia, tukaliandika kwa niaba yake kwa herufi kubwa, mistari mitatu tu. Lilikuwa neno la kuomba radhi kwa ule usiku. Aliikunja karatasi akaitia kifuani, akapanda daladala.

Mzee alijibu nini hatujui, wala hatukuuliza. Lakini barua aliyotuletea kondakta wiki hiyo ilikuwa na maneno manane katika mstari, na ilianza hivi: "Wanangu, leo nitawaeleza pambano nililoshindwa."