Homa imekwisha, pumzi bado haijarudi

STRAIKA akitoka kuuguza goti, kocha hampi dakika 90. Anaanzia benchi, anaingia dakika 15 za mwisho, mechi inayofuata anapewa nusu saa, mpaka fomu irudi.

Mkimbiaji wa mbio ndefu hana benchi. Anaugua malaria Jumatatu, anameza dawa mseto siku tatu, Ijumaa homa imeshuka, Jumamosi alfajiri yuko barabarani anapiga tizi la kilomita 20. Mbio zenye zawadi ziko wiki tatu mbele, na zawadi hiyo ndiyo kodi ya nyumba. Hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Kwenye riadha ya Tanzania hakuna aliyekuwa juu zaidi ya Filbert Bayi ugonjwa ulipomkuta. Februari 2, 1974, kule Christchurch, New Zealand, alishinda mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa rekodi ya dunia ya dakika 3:32.2, akamwacha mwenyeji John Walker nafasi ya pili. Mei 1975 akaweka rekodi ya maili moja, 3:51.0, mjini Kingston, Jamaica. Agosti mwaka huohuo Walker akaivunja. Mashabiki wa riadha wakabaki wanasubiri Olimpiki ya Montreal 1976.

Hawakukutana. Tanzania na nchi nyingine za Afrika zilisusia michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Kinachosahaulika ni kwamba muda mfupi kabla ya michezo, Bayi alikuwa ameshapigwa na malaria. Hata angepanda ndege, huenda asingekuwa yule Bayi wa Christchurch. Walker akabeba dhahabu.

Damu ndiyo petroli

Vijidudu vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Dawa inaua vijidudu, lakini hairudishi damu iliyopotea. Mwili unaitengeneza wenyewe, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Karani akirudi ofisini huenda asione tofauti. Mkimbiaji ataiona mapema tu, miguu mizito na kifua kinawaka kwa spidi ambayo zamani ilikuwa ya kupashia misuli.

Wakimbiaji wa Karatu, Mbulu na Arusha wana mtego mwingine. Wanashuka Dar es Salaam kukimbia, wanarudi milimani kwenye baridi. Dalili za malaria mara nyingi huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu. Mwili ukichoka wiki ya pili, mtu anadhani ni uchovu wa mbio, anaongeza mazoezi badala ya kwenda kupima.

Kurudi kwa hatua

Kwanza, dozi imalizwe hata kama homa imeshuka. Pili, pima wingi wa damu kabla ya kufikiria spidi. Tatu, hesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Kama bado yako juu kuliko ulivyozoea ukiwa mzima, siku hiyo pumzika.

Mapigo yakitulia, anza kwa kutembea. Kisha kimbia polepole, siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa mwendo unaokuruhusu kupiga stori na mwenzako. Vilima na mazoezi ya kasi vije mwisho. Mezani yasikosekane maini, dagaa, maharage na mboga za majani.

Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kwenda mbio isivyo kawaida, simama na urudi hospitali. Baadhi ya maradhi ya virusi, UVIKO-19 ikiwemo, yanaweza kuvimbisha misuli ya moyo, na hilo si la kujikaza kiume.

Kukosa mbio moja kunauma, hasa kwa asiye na mshahara. Ila kupoteza msimu mzima kunauma zaidi.

Bayi alikuwa na miaka 23 mwaka ule wa malaria na mgomo. Mwaka 1978 alipata fedha ya mita 1,500 Jumuiya ya Madola, Edmonton. Mwaka 1980 mjini Moscow, akiwa na miaka 27, alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 8:12.5 na kuvaa fedha ya Olimpiki.