Volti Mbili Zilizopotelea Njiani

Boneti iko wazi, injini inanguruma. Fundi analegeza nati, anachomoa kichwa cha betri, anatega sikio. Gari halizimiki. "Altaneta nzima hii," anasema, na mwenye gari anaondoka kwenda kutafuta pesa ya betri mpya.

Jaribio hilo nimelishuhudia mara nyingi kwenye gereji za mitaani, na kila mara natamani kuuzuia mkono wa fundi. Ni urithi wa zama za dainamo. Kwenye altaneta, betri ndiyo inayomeza umeme unaozidi. Ukiichomoa ghafla wakati inachajiwa, volti huweza kuruka hadi makumi kadhaa kabla regyuleta haijazituliza, na daiodi zikaungua papo hapo. Altaneta iliyokuwa nzima inauawa na kipimo chenyewe. Isitoshe, injini ya petroli ya zamani haihitaji umeme mwingi ili plagi zitoe cheche, hivyo kutozimika kwake si ushahidi kwamba betri inajazwa.

Mita ya kawaida ya fundi umeme inatosha kutoa ushahidi huo. Tuchukue Land Rover Series III, ile iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, yenye altaneta ya Lucas. Betri yake ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2.1 hivi; ikiwa imejaa na imepumzika usiku kucha, mita itasoma takriban 12.6. Ikisoma 12.2, chaji imebaki kama nusu. Washa injini, kanyaga mafuta kidogo: sasa vichwa vya betri visome kati ya 13.8 na 14.5. Ni lazima altaneta iizidi betri nguvu, kwa kuwa kuchaji ni kuusukuma umeme kinyume na njia uliyotokea, mpaka salfeti iliyoshika kwenye bamba za risasi irudi ndani ya asidi. Zikipita volti 15, regyuleta imeshindwa kazi na betri itachemka. Na kama hazifiki 13.8 na mkanda wa altaneta unalia kila asubuhi, anza kwa kuukaza.

Mita isipopanda kabisa, wengi hukimbilia kufungua altaneta. Mimi huangalia kwanza ile taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi, kwa sababu katika magari ya umri huu kazi yake si kuonya tu. Ukifungua swichi, umeme wa betri hupita ndani ya balbu hiyo ndogo ya wati 2.2 ukaenda kuamsha sumaku ya altaneta. Injini ikishika, altaneta huanza kujilisha yenyewe, volti za pande mbili za balbu zinalingana, na taa inazimika kwa kukosa tofauti ya kuivuta. Basi balbu ikiungua, sumaku huenda isiamke, na altaneta itazunguka siku nzima bila kuzalisha kitu. Dereva haoni taa, anadhani mambo ni shwari! Taa ambayo haikuwaka ulipofungua swichi inakupa habari nzito kuliko ile iliyokataa kuzimika.

Lakini kuna hitilafu nyingine inayowachanganya hata mafundi hodari. Kwenye Land Rover moja ya aina hii, betri ilisoma 12.5 injini ikiwaka na taa za mbele zikiwa zimewashwa. Ilikuwa betri ya pili ndani ya mwaka mmoja. Mita ilipohamishiwa nyuma ya altaneta, ikasoma 14.3. Umeme ulikuwa unazalishwa, ila volti 1.8 hazikuwa zikifika.

Hapa ndipo kanuni ya Ohm inapolipa. Ampia 30 zikipita mahali penye ukinzani wa omu 0.06 tu, volti 1.8 hupotea hapo hapo na kugeuka joto la wati 54, karibu sawa na taa moja ya mbele. Nayo regyuleta, iliyomo ndani ya altaneta, inapima volti za pale ilipo, inaona 14.3 na kuridhika.

Kuitafuta sehemu hiyo hakuhitaji kukata waya wala kubahatisha. Injini ikiendelea kuwaka, ncha moja ya mita iliwekwa kwenye bodi ya altaneta, nyingine kwenye hasi ya betri: 0.1, ethi ni safi. Kisha kutoka kwenye pini ya altaneta inayotoa umeme hadi kwenye chanya ya betri: 1.7. Injini ikazimwa, kichwa cha betri kikafunguliwa ndipo soketi ya altaneta ikachomolewa. Plastiki yake ilikuwa imegeuka kahawia, na kipande kimoja cha shaba ndani yake kimeliwa na kutu ya kijani.

Kikabadilishwa kipande hicho, pini ikasuguliwa kwa msasa. Injini ilipowashwa tena, taa zikiwa zinawaka vilevile, betri ilisoma 14.1.