Soko la Utafiti Lina Makarani Wake

Sigi, chini ya Usambara Mashariki, ni lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Kituo cha wageni ni nyumba ya mkuu wa stesheni ya reli ya Wajerumani, waliokuwa wakishusha magogo. Siku hizi wanaopanda ni watafiti, na kila mmoja hutanguliwa na furushi la karatasi.

Mtafiti mgeni anahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, pamoja na kibali cha ukaazi. Karatasi moja ikikwama msafara haupandi: mwenye gari hakodishi, mpishi hana wa kumpikia na muuza mchele wa Muheza hapati oda.

Wanaozisukuma karatasi hizo ni maofisa wa vyuo vikuu kama Sokoine cha Morogoro na Muhimbili. Huandaa bajeti, husoma mikataba na hujibu wakaguzi. Mfanyabiashara ataielewa kazi hii haraka akitazama faida. Taasisi za afya za serikali ya Marekani kwa miaka mingi zimeruhusu chuo cha nje asilimia 8 tu ya gharama za uendeshaji, wakati vyuo vikubwa vya huko hupatana viwango vinavyopita asilimia 50. Ofisa asiyejua kuingiza umeme, ulinzi na mhasibu kwenye bajeti tangu mwanzo hukifanya chuo kilipie utafiti wa mwingine.

Hasara ya kukosa mkataba Usambara inaijua. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ulaya ua dogo la zambarau la milima hii. Mwaka 1893 likaitwa Saintpaulia. Leo huuzwa kwenye vyungu dunia nzima, na milima hailipwi kitu. Sasa sampuli ikitoka, ofisa ndiye anayeandika nani atamiliki kitakachopatikana.

Mwenye kijana anayesomea uhasibu, sheria au ununuzi asidhani milango ni ya benki tu. Nafasi za kudumu katika vyuo vya umma hupitia Sekretarieti ya Ajira. Za miradi mara nyingi hulipa zaidi, ila mkataba huisha fedha za mfadhili zinapoisha, na benki huuliza tarehe hiyo kabla ya kutoa mkopo.