Kibirizi: Kwa nini milima ya Congo ‘hupotea’ kiangazi

Ukisimama mwaloni Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, ng’ambo ya Ziwa Tanganyika kuna milima ya Congo. Lakini ukifika mwezi wa nane na simu yako mkononi, unaweza kukuta weupe mtupu. Milima imeenda wapi?

Haijaenda popote. Kiangazi hewa hujaa vumbi na moshi wa mashamba na nyika zinazochomwa. Chembe hizo hutawanya mwanga, na milima yenyewe iko mbali. Hata kamera ya bei mbaya haiwezi kunasa mwanga usioifikia.

Dawa ni mvua. Ikinyesha huosha hewa. Kwa hiyo kati ya Novemba na Aprili, subiri ikatike, kisha toka haraka: milima hujitokeza hadi mikunjo yake.

Umekuja kiangazi? Usikate tamaa. Moshi huohuo hulifanya jua kuwa jekundu likizama upande wa Congo. Gusa jua kwenye skrini, punguza mwanga, usivute zumu. Mitumbwi itatoka kama vivuli vyeusi.

Unataka taa za wavuvi wa dagaa? Angalia mwezi kabla hujalipa nauli. Wavuvi huvutia dagaa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka sana, wengi hupumzika na ziwa hubaki tupu.

Na akina mama wanaoanika dagaa? Omba kwanza, ndipo upige.