Tusirushe Juu Kitakachoangukia Bati la Jirani



Sikukuu ya kufunga mwaka wa shule inakaribia. Katika mkutano wetu wa matayarisho, mama mmoja alituonyesha video kwenye simu yake: watu wa mji wa mbali wanawasha taa za karatasi, wanaziachia, zinapaa moja moja mpaka anga inajaa nyota ndogo. Akauliza: "Na sisi, kwa nini tusiwafanyie watoto wetu hivi uwanjani?" Wengine wakapendekeza mabaloni ya gesi, moja kwa kila mtoto aliyefaulu. Tulifurahi wote. Kisha mama mwingine, ambaye nyumba yake ya mbao iliwahi kuungua, akauliza swali dogo: "Zikishapaa, zinaangukia wapi?"

Tulinyamaza. Ndiyo sababu tunaandika leo.

Taa ile ni mfuko wa karatasi nyepesi wenye nta inayowaka chini yake. Hewa ikipata moto huwa nyepesi, nayo inaubeba mfuko juu. Haina kamba wala usukani. Ukishaiachia, mwenye kuamua ni upepo, na inaweza kushuka ingali inawaka. Sasa tuangalie kartye yetu ya Majengo. Nyumba nyingi ni za mbao, parsele zimebanana, ukuta wa jirani karibu ni ukuta wako. Tunajua jinsi cheche ya mbabula inavyoweza kuruka kutoka jiko moja na kumaliza nyumba kadhaa kabla ya maji kufika. Je, tuurushe moto huo juu kwa mikono yetu?

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi watu wa Goma. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 anga ilikuwa nyekundu, na familia nyingi zilibeba watoto mgongoni zikakimbilia Rwanda au upande wa Sake. Tangu siku hiyo, mwanga usiojulikana angani si mapambo kwetu. Mtoto akiuona, anashika kitenge cha mama yake.

Msifikiri ni woga wa bure. Usiku wa mwaka mpya wa 2020, mjini Krefeld, Ujerumani, mama mmoja na mabinti zake wawili watu wazima waliwasha taa za namna hii, wakitakiana heri. Moto ukashika nyumba ya masokwe katika bustani ya wanyama. Wanyama zaidi ya 30 walikufa, wakiwemo sokwe, orangutani na ngagi, jamaa ya ngagi wetu wa Virunga. Jimbo lao lilikuwa limeshakataza taa hizo tangu mwaka 2009, lakini wao walizinunua kwenye intaneti bila kujua. Waliposikia habari, walikwenda polisi wenyewe. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa mama na watoto wake katika sikukuu, kama sisi.

Na mabaloni? Baloni ulilopuliza kwa mdomo halipai. Linalopaa limejazwa gesi nyepesi kuliko hewa, nalo pia lazima lirudi chini. Mwezi wa Septemba 1986, mjini Cleveland, Marekani, waliachia karibu milioni 1.5 kwa siku moja ili kukusanya mchango wa kusaidia watu. Mvua ikayashusha juu ya barabara na juu ya ziwa, wakati waokoaji walikuwa wakiwatafuta wavuvi wawili. Kazi yao ikawa ngumu kati ya mabaloni yale yaliyotapakaa majini. Wavuvi hao walikutwa wamekufa.

Hapa kwetu baloni likianguka litakuta nini? Bati ambalo tunakinga mvua yake kwa ajili ya kunywa na kufua. Ziwa Kivu, ambako mabinti zetu wanateka maji kwa bidoni. Mbuzi anayekula chochote anachokikuta njiani. Na mtoto wa mwaka mmoja anayetambaa: kipande cha baloni kikiingia kooni kinaganda na kuziba pumzi, na ni vigumu sana kukitoa.

Wengine watasema serikali ndiyo ikataze. Tukumbuke kwamba nchi yetu ilitoa dekreti tarehe 30 Desemba 2017 kukataza mifuko ya plastiki. Leo tukienda soko, tunarudi na sashe ngapi mkononi? Karatasi ya serikali haiwezi kufanya kazi peke yake, kama vile sheria ya Ujerumani haikumfikia yule mama kabla hajawasha kiberiti. Katazo linalofika ni lile mama anaambiwa na mama mwenzake kabla ya sikukuu.

Mama aliyeleta video alituuliza kwa uchungu: "Watoto wetu wameona vita na kuhama. Hata furaha hii tuwanyime?" Hapana, mama. Swali lako ni la haki. Watoto wapate furaha, lakini isiwe ile inayomtia hofu jirani. Basi tumekubaliana hivi:

Kwanza, katika sikukuu zetu hatutaachia taa za moto wala mabaloni ya gesi, iwe uwanjani, shuleni au barabarani.

Pili, mabaloni ya kupuliza yatabaki yamefungwa kwenye kamba, mbali na watoto wadogo, na kabla ya kuondoka tutaokota kila kipande.

Tatu, kila mtoto atashona kibendera cha mabaki ya vitenge, na tutavitundika kuzunguka uwanja. Ngoma na nyimbo zitaendelea kama kawaida.

Nne, wajumbe wetu watampelekea shefu wa kartye ombi kwamba katazo hili liwe la uwanja wote, kwa kila anayefanya sherehe.

Yule mama wa video ndiye aliyejitolea kuleta sindano na uzi. Kila mmoja wetu alete mabaki ya kitenge kwenye mkutano ujao.